Swali Ambalo Halikuulizwa

Mwaka 2003, madaktari watatu wa Phoenix, Arizona, walichapisha ripoti fupi kuhusu jambo ambalo wengi wa wenzao hawakuwa wamelitilia maanani. Walikuwa wamepekua rekodi za mwaka mzima za wagonjwa 1,884 wa Parkinson. Kituo chao kilibeba jina la Muhammad Ali, bondia yule yule aliyemwangusha George Foreman kule Kinshasa mwaka 1974 na ambaye baadaye alipatwa na ugonjwa huu. (Ali mwenyewe hahusiki na kisa hiki.) Katika rekodi hizo walipata watu 9 waliokuwa wamezama kwenye kamari hadi ikawaharibia maisha. Tisa kati ya elfu moja mia nane na ushee. Hata nusu asilimia haifiki. Ungeweza kusema ni bahati mbaya ya watu wachache, ukafunga faili, ukaenda zako.

Miaka saba baadaye ukatoka utafiti mwingine, mkubwa zaidi: wagonjwa 3,090 kutoka vituo 46 vya Marekani na Kanada. Safari hii watafiti hawakutegemea kilichoandikwa kwenye mafaili. Waliwauliza wagonjwa wenyewe, moja kwa moja, kuhusu mambo manne: kamari, kununua vitu, kula na ngono. Wenye tatizo la kamari wakawa asilimia 5. Wanaonunua bila kujizuia, asilimia 5.7. Wanaokula bila breki, 4.3. Walioshindwa kuzuia ashiki, 3.5. Ukihesabu kila aliyekuwa na angalau moja ya shida hizo unapata asilimia 13.6, yaani karibu mtu mmoja kati ya saba.

Vipimo vya tafiti hizi mbili havikuwa sawa kabisa, kwa hivyo tusizilinganishe kama kilo mbili za unga. Lakini kutoka chini ya nusu asilimia hadi asilimia 5 kwenye kamari peke yake ni kuruka mara kumi. Hao wagonjwa wapya walitoka wapi? Hawakutoka popote. Walikuwa wameketi kwenye viti vile vile vya kliniki, wakinyoosha mikono ili daktari aone inavyotetemeka, wakitembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, wakichukua dawa na kurudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Hii ni historia ya swali hilo, na ya sababu iliyolifanya lichelewe hivyo.

*

Kuchelewa kulianza na sentensi moja ya mwaka 1817. James Parkinson, daktari wa mtaa wa Hoxton, London, aliandika kitabu kidogo kuhusu kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani akipita. Jicho lake lilikuwa kali. Aliona mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mgongo uliopinda, hatua fupi zinazoenda mbio kana kwamba mtu anafukuza kivuli chake. Lakini katika maelezo yake alisema pia kwamba fahamu na akili za mgonjwa hubaki salama. Miaka hamsini na kitu baadaye, Mfaransa Jean-Martin Charcot aliupa ugonjwa jina la Parkinson, na kwa vizazi kadhaa madaktari wakaendelea kuutazama kama ugonjwa wa misuli na mwendo. Mikono, miguu, uso. Tabia ya mtu haikuwamo kwenye orodha ya vitu vya kukaguliwa.

Kilichoko ndani ya fuvu kilikuja kujulikana baadaye sana. Mwaka 1957, Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini kwenye ubongo wao, wakaganda kama mawe. Kisha akawadunga levodopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na sungura wakaamka. Mwaka 1960, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz wa Vienna walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, wakakuta sehemu fulani za ndani zimekauka dopamini. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kujigeuza kitandani wakasimama. Mwaka 1967, George Cotzias wa New York alionyesha kwamba ukianza na dozi ndogo na kuipandisha polepole, levodopa ya kumeza inaweza kumrudishia mtu mwili wake kwa muda mrefu.

Levodopa hiyo si kitu kigeni kwetu. Kila aliyesoma shule ya bweni anaujua upupu, ile mimea ambayo mtukutu mmoja akimwaga vumbi lake kwenye mashuka, bweni zima linajikuna hadi asubuhi. Jina lake la kisayansi ni Mucuna pruriens, na mbegu zake zimejaa levodopa. Wahindi waliutumia katika tiba zao za jadi karne nyingi kabla ya Parkinson kuzaliwa, na mwaka 1937 wanasayansi wa India waliitenga levodopa kutoka kwenye mbegu hizo. (Tafadhali, usiende kumchemshia babu upupu. Dozi ya mbegu haipimiki kwa kijiko.)

Kwa hivyo mwisho wa miaka ya 1960 ulikuwa wakati wa sherehe. Na sherehe, kama ujuavyo, si mahali pa kuuliza maswali magumu.

*

Kuna mtu mmoja aliyeona mapema na akaandika. Mwaka 1969 daktari kijana aitwaye Oliver Sacks alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Beth Abraham, Bronx. Wagonjwa wake walikuwa manusura wa janga la ugonjwa wa ubongo lililoenea duniani kuanzia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huo si malale yetu ya mbung'o. Ulikuwa ugonjwa mwingine, na uliwaacha wengi wakiwa wamegandishwa kwa miongo kadhaa, katika hali inayofanana na Parkinson kali. Sacks akawapa levodopa. Wakaamka. Kitabu chake Awakenings kilitoka mwaka 1973, na filamu yake ya 1990, na Robin Williams na Robert De Niro ndani, pengine umeiona.

Lakini kuamka ni nusu tu ya hadithi. Mmoja wa wagonjwa hao, ambaye Sacks alimwita Leonard L., alipitia siku za furaha tupu, kisha furaha ikavuka mpaka. Ashiki ikampanda hadi wahudumu wakawa hawajui wamfanyie nini. Akashika taipureta na kuandika habari za maisha yake kwa saa nyingi mfululizo, siku baada ya siku. Mwili uliokuwa umefungwa ulikuwa umefunguliwa, na sasa haukuwa na breki.

Mapema miaka ya 1970 madaktari wengine pia waliandika juu ya wagonjwa wa levodopa waliobadilika kitabia. Ila habari hizo zilisomwa kama vioja, mambo ya kando. Mzee aliyekuwa hawezi kufunga vifungo vya shati sasa anatembea kwenda sokoni. Nani ataketi kuuliza anafanya nini akifika huko?

*

Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha dawa mbili mpya, pramipeksoli na ropiniroli. Hizi hazigeuki kuwa dopamini. Zinaiga. Zinaingia kwenye vitasa vya dopamini kama ufunguo bandia unaofungua mlango vizuri tu. Kundi hili lilikuwapo tangu miaka ya 1970 kupitia bromokriptini, lakini hizi mpya zilipendwa haraka, hasa kwa wagonjwa wenye umri mdogo. Sababu ilikuwa ya maana: levodopa ikitumika miaka mingi huweza kuleta kujinyonganyonga kwa mwili ambako mgonjwa hawezi kukuzuia, na dawa za kuiga zilisaidia kuahirisha siku hiyo.

Kisha ripoti zikaanza kudondoka, moja moja. Mwaka 2000 madaktari wa Uhispania waliandika juu ya kundi dogo la wagonjwa waliotekwa na mashine za kamari, wakauliza kama tatizo lilitokana na dawa. Mwaka huo huo, madaktari wa London walieleza wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa zaidi ya walivyoandikiwa, wakizificha, wakizitafuta kwa kila mbinu, kama waraibu. Mwaka 2003 wakaja wale 9 wa Phoenix. Wote walikuwa wakitumia dawa za kuiga dopamini, na 8 kati yao walikuwa kwenye pramipeksoli. Mwaka 2005 hospitali ya Mayo Clinic ikaongeza wagonjwa 11, wote wakitumia dawa za kundi hilo. Baadhi yao walikuwa wameanza kucheza kamari miezi michache tu baada ya dozi kuanzishwa au kupandishwa. Dawa ilipopunguzwa au kuondolewa, wengi wakaacha. Mtu aliyekuwa akishinda kasino juzi sasa anashangaa alikuwa anatafuta nini mle.

Kwa nini dawa ya mikono iguse mfuko? Jibu liko kwenye ramani ya ubongo. Katika Parkinson dopamini haikauki kila mahali kwa kasi moja. Sehemu inayoongoza mwendo ndiyo huumia kwanza. Sehemu jirani, inayohusika na hamu, tuzo na tamaa, mara nyingi hubaki na dopamini ya kutosha kwa miaka mingi. Daktari anapandisha dozi ili shamba lililokauka lipate maji, lakini mfereji unapita kwenye shamba la jirani ambalo halikuwa na kiu. Linafurika. Na dawa za kuiga kama pramipeksoli zinapenda zaidi aina ya kitasa ambayo imejaa tele kwenye shamba hilo la tamaa.

Kuna jambo la pili, na hili linaeleza kwa nini kupoteza pesa hakumfundishi mtu. Wolfram Schultz alipowachunguza nyani, aliona kwamba seli za dopamini hulipuka tuzo inapokuja bila kutarajiwa, na hunyamaza tuzo iliyotarajiwa isipokuja. Ule ukimya ni mwalimu. Ndio unaosema, "hapa hakuna kitu, ondoka." Mwaka 2004, Michael Frank na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wakiwa wamekunywa dawa walijifunza vizuri kutokana na ushindi kuliko kutokana na hasara. Wasipokunywa, ikawa kinyume. Maelezo yao ni kwamba dawa huuziba ule ukimya. Ubongo unausikia ushindi vizuri kabisa, lakini kipigo unakisikia kama kelele za mbali.

Ndiyo maana kumwambia mtu kama huyo "si ujizuie tu" ni kama kumwambia mwenye homa apoe.

*

Kabla hatujailaumu Parkinson yenyewe, tuwe waangalifu. Utafiti wa mwaka 2013 uliwachunguza wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa yoyote, ukakuta tabia hizi kwao hazikuzidi zile za watu wenye afya. Kwenye ule utafiti wa watu 3,090, waliotumia dawa za kuiga dopamini walikuwa na tatizo kwa asilimia 17.1, na wasiozitumia asilimia 6.9. Mwaka 2018 Wafaransa waliowafuata wagonjwa kwa miaka mitano waliripoti kwamba karibu nusu ya waliowahi kutumia dawa hizo walipata angalau tabia moja ya aina hii ndani ya muda huo. Kamari inayoharibu nyumba ni sehemu ndogo ya nusu hiyo. Lakini nusu ni nusu.

Wengine walilipia zaidi ya pesa. Kule Ufaransa, baba mmoja alipeleka mahakamani kampuni ya GlaxoSmithKline, watengenezaji wa ropiniroli kwa jina la Requip. Alieleza jinsi alivyomaliza akiba ya familia kwenye kamari, akauza hata vitu vya kuchezea vya watoto wake, akafikia kujaribu kujiua. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Rennes iliamuru alipwe euro zipatazo 197,000. Ukiwaza, hukumu hiyo ilikuwa ikisema kitu cha kawaida sana: huyu baba angeambiwa. Angeambiwa yeye, angeambiwa mkewe, na tabia mpya ilipoanza mtu angejua ni nini.

Maana bila kuambiwa, utajuaje? Mtu hapati upele wala homa. Anapata hamu, na hamu inakuja ikiwa imevaa nguo zake mwenyewe. Anahisi ni yeye anayetaka. Kisha aibu inaingia. Mzee wa kanisa hatamwambia daktari kijana kwamba usiku anatazama picha za uchi. Mama aliyelea watoto saba kwa kuuza mboga hatasema amekopa ili anunue vyombo ambavyo hata hajavitoa kwenye boksi. Wengine wanaogopa kwamba wakisema, dawa itaondolewa na mwili ufungwe tena. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila hapa hata mwenye maradhi hajui kama anachoficha ni maradhi. Anadhani ni dhambi.

Na familia nayo ina kamusi yake. Baba amepotoka uzeeni. Amepata mpango wa kando. Amerogwa. Pesa za kustaafu zimempanda kichwani. Ndoa ya miaka arobaini inavunjika kikaoni, mbele ya wazee na mchungaji, na hakuna hata mmoja aliyesoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa.

*

Sasa tuje nyumbani, na kuna sababu ya kuja. Ule utafiti wa 2010 ulipotafuta nani yuko hatarini zaidi, ulitaja wenye umri mdogo, wasio na ndoa, wavutaji sigara, na wenye historia ya kamari katika familia. Halafu ukataja jambo ambalo halipo kwenye damu ya mtu: kuishi Marekani badala ya Kanada. Dawa ni zile zile na ubongo ni ule ule. Mazingira ndiyo yanatofautiana. Dawa inaleta hamu. Mtaa unaleta mlango.

Fikiria basi mlango wetu. Mgonjwa wa Uhispania mwaka 2000 alilazimika kuvaa viatu, atoke nje, aende ilipo mashine. Mzee wa Kitengela au Kakamega leo hahitaji hata kuinuka. M-Pesa ilikuja 2007, na leo kubeti ni kubonyeza tu. Kindege cha Aviator kinapaa saa nane usiku kama saa nane mchana. Pesa zikiisha kuna Fuliza, na Fuliza ikigoma kuna programu kumi za mikopo zinazosubiri. Tukiwazungumzia waraibu wa kubeti tunawawazia vijana wa mtaani, machali wanaosaka kuomoka. Hakuna anayemtazama mzee wa miaka 63 aliyeinamia simu pembeni ya kochi. Watoto wanafurahi hata. Angalau ana kitu cha kumchangamsha.

Na kliniki zetu? Madaktari wa neva nchini ni wachache mno ukilinganisha na watu wanaowahitaji, na wengi wao wako mijini. Mgonjwa anasafiri tangu alfajiri, anapanga foleni, anapata dakika chache. Dakika hizo zinaliwa na mikono, miguu, choo na usingizi. Wengi hapa hutumia levodopa, na dawa za kuiga si za kila mtu kwa sababu ya bei na upatikanaji. Hiyo inapunguza hatari ila haiiondoi. Ile asilimia 6.9 ilikuwa ya watu wasiotumia dawa za kuiga.

Kwa hivyo swali limebaki mikononi mwa wanaoishi na mgonjwa. Ni wewe uliyemwekea mzee hiyo simu, uliyemfundisha kutuma pesa, unayepigiwa anaposahau nambari ya siri. Wewe ndiye utakayeona kwanza. Utaona nini?

Pesa zinayeyuka na maelezo hayashiki. Ujumbe wa mikopo usioulewa. Simu inageuzwa kifudifudi unapoingia. Mama ambaye hakupenda sukari sasa anaamka usiku kula mkate mzima na jamu. Vitu vinanunuliwa kwa dazeni: sufuria, viatu, kuku wa kufuga pasipo na banda. Mke analalamika, kwa aibu na kwa mafumbo, kwamba mzee hamwachi apumzike. Dawa za mwezi zinaisha siku ya kumi na nane.

Kisha kuna lile jambo la ajabu ambalo Wasweden walilipa jina. Huko nyuma waliwaona watumiaji wa dawa ya kulevya ya amfetamini wakifanya kazi moja isiyo na maana kwa saa nyingi, na jina walilojiita waraibu hao likaingia kwenye vitabu vya tiba: punding. Mwaka 1994 hali hiyo ilielezwa pia kwa mgonjwa wa Parkinson. Mtu anafungua redio, anapanga skrubu kwa ukubwa, anazichanganya, anazipanga tena hadi kuku wa kwanza awike. Anang'oa magugu mpaka shamba libaki uchi. Anahesabu sarafu. Ukimkatiza anakasirika, ukimuuliza kwa nini, hana jibu. Hapotezi pesa, kwa hivyo hakuna anayeshtuka. Lakini halali, hali, na hamjali mtu.

Kigezo kimoja kinasaidia kuliko vyote: je, hii ni tabia mpya, na ilianza baada ya dawa kuanzishwa au dozi kupandishwa? Mzee aliyecheza bahati nasibu maisha yake yote na anaendelea kuicheza ni kitu kimoja. Mzee aliyekuwa akizima televisheni matangazo ya kubeti yakianza, na sasa anabeti, ni kitu kingine kabisa. Andika tarehe. Dawa ilianza lini, dozi ilipanda lini, tabia ilionekana lini. Karatasi hiyo moja, ukiiweka mezani kwa daktari, ina uzito kuliko malalamiko ya saa nzima.

Usifanye kosa moja kubwa: usimnyang'anye dawa. Levodopa ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, na mtu akafa. Dawa za kuiga zikikatwa ghafla huleta wasiwasi mkali, jasho, huzuni na hamu ya dawa inayofanana na ya mraibu aliyenyimwa. Daktari ndiye apunguze, polepole, au abadilishe. Wakati huo familia inaweza kufunga mlango wa mtaani kwa makubaliano: kushusha kiwango cha pesa kwenye simu, kufunga akaunti za kubeti, mtu wa pili kujua nambari ya siri. Kwa makubaliano, nasema. Huyu ni baba yako, si mtuhumiwa.

Na usidhani haya yanawahusu wazee pekee. Kabagolini na bromokriptini hupewa wanawake vijana wenye homoni ya maziwa iliyozidi, wengine wakiwa wanatafuta mtoto. Dawa za kuiga dopamini hutibu pia ile hali ya miguu isiyotulia usiku. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la kamari na misukumo ya aina hii kwa aripiprazoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kwa wengi haitatokea. Lakini mwenye kuimeza ana haki ya kujua kabla hamu haijaanza kuongea kwa sauti yake.

*

Mwaka 2009 watafiti wa Philadelphia walitengeneza orodha fupi ya maswali ambayo mgonjwa anaweza kuyajaza mwenyewe akisubiri kuonwa, au mke au mtoto amjazie. Hakuna mashine, hakuna damu, hakuna picha ya ubongo. Karatasi na kalamu. Tangu Cotzias atoe matokeo yake zilikuwa zimepita zaidi ya miaka arobaini, na kifaa kilichokuwa kimekosekana muda wote huo kilikuwa swali.

Linaulizika hata jikoni, kwa lugha ya nyumbani, bila sauti ya polisi. "Baba, hizi dawa huwa zinafanya watu wengine wapate hamu ya kubeti, au kununua vitu, au mambo mengine ambayo hawakuwa nayo. Si makosa yao. Wewe umeona mabadiliko yoyote?" Kisha unyamaze. Mpe muda. Katika Parkinson maneno huchukua muda kufika mdomoni, na haya yana safari ndefu zaidi.